Mavazi, Baiskeli, Sinema na Vinyago: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Hapa Moshi

Nakaa Pasua, upande wa chini wa mji wa Moshi. Asubuhi napandisha na baiskeli kwenda kazini nikiwa nimevaa gauni la kitenge, jioni nateremka, na mara nyingi kwenye keria kuna kitu nimekifunga kwa mpira: doti ya kanga ya zamani, picha iliyotoka kwa fundi fremu, kinyago kilichoviringishwa kwenye gazeti. Watu wanaona, wanauliza. Majirani wanauliza, wapwa zangu wanauliza kwa ujumbe wa simu, na mgeni akiingia sebuleni anauliza kabla hajaonyeshwa kiti. Majibu yangu yamekuwa yaleyale kwa miaka, basi nimeyaandika mahali pamoja. Ninapopapenda zaidi nimeandika zaidi.

Shikamoo mama. Unachaguaje vitu vyako? Kuna kanuni?

Marahaba. Ipo moja, nami niliipata kwa marehemu baba. Kabla ya kununua chochote alikuwa anauliza, "Kikiharibika, nani atakitengeneza?" Kama jibu lilikuwa jina la fundi anayemjua, alinunua. Kama jibu lilikuwa "utanunua kingine", alikirudisha mezani.

Nilipokuwa mtu mzima nikaona swali lile lina kazi ya pili. Ukimzoea fundi anayetengeneza kitu, unaanza kuona kitu chenyewe kilivyoundwa. Unaona mshono. Unaona fremu ilipochomelewa, unaona patasi ilipopita na ilipoteleza. Vitu ambavyo mkono wa mtu bado unaonekana ndani yake ndivyo vinavyokaa nyumbani kwangu. Visivyo na mkono wowote, hata viwe vya bei kubwa, macho yangu yanavipita.

Sisemi vitu vya zamani tu, wala vya Tanzania tu. Baiskeli ya baba iliundwa Uingereza, shanga zangu nyingi ni za kioo cha Bohemia, na kanga zangu kadhaa zilichapwa India. Mkono ni mkono.

Kwa nini nguo zako nyingi ni za mtumba wakati maduka yamejaa mapya?

Kwa sababu mtumba mzuri umeshafanya mtihani na kufaulu. Shati ambalo mtu amelivaa na kulifua miaka mitatu, na kola bado imesimama, nalijua. Shati jipya bado sijalijua.

Na sisi wa Moshi tuna bahati ya masoko ya mitumba, Memorial na Kiboriloni. Nina ndugu Arusha wanaopanda basi kilomita 80 kuja kuchagua huku. Belo likifunguliwa, wa kwanza kuchagua ndio wanaolipa zaidi, na kuna kusukumana. Mimi huwa nasubiri wale wa haraka waondoke. Wao wanatafuta lebo, mimi natafuta mshono, kwa hiyo hatugombani.

Nikishika nguo, kwanza naigeuza ndani nje. Nainua juu ya mwanga, maana makwapani na mapajani ndiko kitambaa huchoka mapema. Navuta mshono wa bega kidogo. Kisha natazama kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono: kikiwa cha kutosha, fundi cherehani ataweza kuitanua, kikiwa chembamba kama uzi, ujue aliyeishona alikuwa anabana gharama, na huenda amebana na mengine. Kama sina hakika na kitambaa, naomba nichomoe uzi mmoja kwenye pindo na kuuwasha kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Joto la Moshi la Januari na Februari halitaki poliesta mwilini.

Nguo haijawa yangu mpaka ipite kwa fundi. Wapo wanaoona aibu kupeleka nguo ya mtumba kwa fundi, kana kwamba kuibana ni kukiri kwamba si mpya. Mimi naona kinyume. Koti la kiume la sufu lililopunguzwa mabega na fundi wa barazani mwenye cherehani ya kukanyaga linakaa mwilini kuliko koti lolote nililowahi kujaribu dukani.

Ukinunua kwa ajili ya sikukuu, usingoje Disemba. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na bei inapanda nao. Nenda Septemba.

Wazee wanasema zamani mitumba haikuwepo. Ni kweli?

Ilikuwa haba. Mama alinisimulia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, dukani hakukuwa na kitu. Kanga na sabuni zilikuwa za kupanga foleni. Mitumba ilianza kumiminika biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka hiyo. Kabla yake, nguo ya kupendeza ilikuwa ya kushonesha. Ndiyo maana ukitazama picha za wazee wa umri ule utaona suruali zimekaa vizuri kiunoni kuliko zetu.

Na bugaluu na raizoni?

Hizo ni za shangazi zangu na wajomba zangu, miaka ya 1970: suruali pana chini kama kengele, na viatu vya soli nene. Kinachonigusa ni kwamba zilivaliwa muda mfupi tu baada ya serikali na vijana kuvutana juu ya mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya minisketi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Sketi fupi zikapigwa vita, suruali pana zikaja. Shangazi alihifadhi bugaluu yake ya kahawia mpaka leo, na nimeikagua: zipu ni ya chuma, mshono wa ndani umefungwa mara mbili. Alishonewa hapahapa Moshi.

Kanga nzuri nitaijuaje?

Hapa kaa, maana nina mengi.

Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo ni mpaka unaozunguka pande zote nne, mji ni ile sehemu ya katikati, na jina ni maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kitambaa kisicho na pindo na jina, hata kikiwa na maua ya kupendeza, hicho ni kitenge au kitu kingine. Kanga moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa karibu mita moja na sentimita kumi, na huuzwa mbilimbili, doti, ndipo uikate na kuipindia.

Ukiifungua dukani, igeuze. Rangi iliyochapwa vizuri inapita mpaka nyuma. Ile ya haraka nyuma imepauka kama imekwisha kufuliwa. Kunja kanga katikati ulinganishe mapindo ya pande mbili. Yakikutana, mchapaji alikuwa makini. Jina liwe limekaa katikati, lisipande kwenye ua wala kuegemea upande. Kisha ishike mkononi: pamba ngumu yenye wanga italainika ukifua, lakini ile inayoteleza kama nailoni haitakuwa kanga hata uifue mara mia. Haitafyonza maji, haitambeba mtoto mgongoni bila kuteleza. Hapo sina msamaha. Kanga isiyoweza kubeba mtoto ni pazia.

Asili yake ni pwani, nusu ya pili ya karne ya 19, wakati wanawake walipounganisha leso zilizoletwa na wafanyabiashara zikawa kitambaa kimoja. Ndiyo maana Mombasa hadi leo wanaiita leso. Mombasa hiyohiyo, mwaka 1887, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara ya kanga zilizokuja kujulikana kwa maandishi "Mali ya Abdulla". Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi tunazosoma shuleni.

Kama unaanza kukusanya, anza na kisutu. Ni ya zamani sana katika michoro yote, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na bado bibi harusi wa pwani anafungwa nayo. Yangu niliachiwa na mama, ambaye aliipewa na rafiki yake wa Tanga. Haina thamani ya soko ninayoijua na sijamuuliza mtu.

Unazihifadhi vipi zisioze wala kuliwa na wadudu?

Ndani ya foronya ya pamba, kamwe si kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu mfuko unafungia unyevu na wakati wa masika utakuta madoa meusi. Kila baada ya miezi michache nazitoa, nazianika kivulini, na ninapozirudisha nazikunja mahali tofauti, maana kitambaa kinachokunjwa mstari uleule miaka kumi hukatika hapohapo. Majani makavu ya mwarobaini yanakaa katikati. Na kila kanga ina kikaratasi: nimeipata lini, kwa nani, kwa tukio gani. Usipoandika leo, wajukuu watagawana vitambaa visivyo na habari.

Mimi si Mmasai. Naweza kuvaa shanga za Kimasai?

Naulizwa sana na wasichana. Mimi nazivaa na ni Mchaga wa Kibosho. Ninachojilazimisha ni kununua kwa mama aliyezitunga mwenyewe, na kumuuliza alichokusudia. Utasikia kwamba nyekundu ni hivi na buluu ni vile, na mengi ni kweli: nyeupe huhusishwa na maziwa, kijani na majani ya malisho, buluu na anga lenye mvua. Lakini mpangilio hutofautiana kati ya eneo na eneo na kati ya rika na rika, basi aliyeutunga ndiye wa kuulizwa. Nikiwa Arusha napita soko la vinyago la Wamasai pale Fire Road, na sichoki kukaa chini na mama mmoja nusu saa kwa ajili ya kikuku kimoja.

Ushanga wa kioo ukiugusisha shavuni ni baridi, na ukiutikisa mkononi unasikia uzito wake. Wa plastiki ni mwepesi na una joto la mkono mara moja. Angalia punje zilingane ukubwa, na angalia waya ulipoishia: ncha iliyokunjwa ndani haitakukwaruza, iliyoachwa nje itachana kanga yako siku ya kwanza.

Kioo chenyewe, kama nilivyosema, hakikuyeyushwa Umasaini. Kilikuja na wafanyabiashara kutoka Venice na Bohemia. Kazi ya wanawake wa Kimasai ni yale waliyoyafanya na punje hizo, na hakuna mji wa Ulaya uliofikiria ukosi ule mpana unaocheza mabegani wakati wa kuruka.

Pete ya tanzanaiti ni wazo zuri kwa mchumba?

Hereni au kidani ndiyo. Pete ya kila siku, hapana. Ugumu wa tanzanaiti ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, na vumbi la barabarani lina chembe za mchanga wenye ugumu wa 7. Mchumba atakayefua, kuosha vyombo na kupanda daladala na pete hiyo ataikwaruza. Isisafishwe kwa mvuke wala kwa mashine za mtetemo. Maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini vinatosha.

Jiwe hili linachimbwa Mererani tu, wilaya ya Simanjiro, si mbali na sisi. Lilijulikana mwaka 1967, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la nchi yetu. Wengi hawajui kwamba mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia na kugeuka buluu baada ya kupashwa moto. Huo si udanganyifu, ndiyo kawaida ya jiwe. Lizungushe mkononi: lizuri linaonyesha buluu upande huu na zambarau ukiligeuza. Nunua kwa mwenye leseni na uchukue risiti. Anayekunong'oneza kwenye kona ya mtaa Arusha mpite.

Saa gani?

Ya kujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, ambayo fundi saa anaweza kuifungua. Nina Seiko 5 ya zamani, na fundi wangu ameisafisha mara mbili. Basi.

Baiskeli: ninunue mpya au ya mtumba?

Kama una fundi mzuri jirani, mtumba. Fremu za mtumba zinazotoka Japani na Ulaya kwa kawaida zimechomelewa vizuri, na ukibadilisha cheni na tairi unapata baiskeli ya miaka kumi. Mpya za bei ya chini zinang'aa, ila spoku zake zinalegea mwezi wa kwanza. Phoenix ya Kichina ni habari nyingine. Ile nyeusi nzito ya breki za vyuma imebeba mikungu ya ndizi na magunia kwa vizazi, na vipuri vyake unapata hata kijijini.

Ukienda kuangalia ya mtumba, usianze na rangi. Lala chini uangalie pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Ufa huanzia huko, na huonekana kama unywele kwenye rangi. Ufa ukiwepo, ondoka. Inua gurudumu ulizungushe, ulitazame dhidi ya kipande cha breki: likiyumba kidogo fundi atalinyoosha kwa spoku, likiyumba sana rimu imepinda. Shika krenki, ule mkono wa pedeli, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, ni beringi, na si gharama kubwa.

Cheni pima kwa rula. Pingili moja ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 zinapaswa kuwa sentimita 30.5. Zikikaribia 30.8 cheni imerefuka na imeanza kula meno. Badilisha mapema, la sivyo utabadilisha na friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma.

Tairi limewaliza wengi. Unaambiwa "inchi 26" unanunua, unafika nyumbani halivai. Sababu ni kwamba kuna 26 za aina zaidi ya moja. Ile ya baiskeli nyingi za mjini za Japani imeandikwa 37-590, na ile ya baiskeli za milimani huishia na 559. Namba hiyo ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita, nayo ndiyo ya kuandika kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani. Raleigh na Phoenix kubwa za inchi 28 zenye breki za vyuma ni 635.

Na ukitaka kufungua pedeli ya kushoto, kumbuka skrubu yake imegeuzwa: zungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Nimewaona vijana wenye nguvu wakivunja spana hapo.

Unaendeshaje na gauni?

Ya kila siku ni baiskeli ya kike, bomba lake limeshuka, kwa hiyo naingia bila kuinua mguu. Cheni ina kifuniko. Gurudumu la nyuma fundi alinifungia wavu wa kamba pande zote mbili ili kitambaa kisiingie kwenye spoku. Gauni liwe pana. La kubana ndilo linalopanda magotini. Mwanzoni, miaka ya nyuma, kuna mabwana walinipigia miluzi njiani. Leo mabinti zao wananisalimia wakiwa juu ya baiskeli zao, na hilo linanifurahisha kuliko naweza kuandika.

Ile nyeusi iliyo ukutani ni ya nini?

Ni Raleigh ya baba. Aliinunua miaka ya 1960 kwa fedha za kahawa, wakati kahawa ya kihamba chetu ikienda KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kutoka mjini kwenda Kibosho hakuna mtu anayepanda mlima ule kwenye baiskeli ya gia moja, kwa hiyo baba alikuwa anaisukuma kupanda na kuiendesha kushuka. Sisi watoto tulimsikia kwa kengele kabla ya kumwona. Nembo ya kichwa cha korongo bado ipo mbele, nusu yake imesuguliwa na kidole gumba chake, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuigusa akisimama kuongea na mtu.

Jumapili moja moja naishusha, naipaka mafuta, navaa suruali na kuelekea barabara ya TPC, kwenye mashamba ya miwa, ambako ardhi ni tambarare na wafanyakazi wa miwa wanakwenda na kurudi kwa baiskeli. Nikipata siku ya wazi, naelekea kusini, nageuza, na Kibo iko mbele yangu njia nzima ya kurudi.

Mbona huipaki rangi mpya?

Rangi ile ni ya baba. Lakini swali hili nalipenda kwa sababu nyingine: rangi ya baiskeli ndiyo iliyotupa uchoraji unaojulikana zaidi nchini.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao wa kujengea, akavipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ileile ya baiskeli, na kuchora ndege, chui na watu. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mtu mwingine, akafariki. Miaka minne tu ya kazi! Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao.

Nikiitazama fremu ya baba na kisha chui wa Tingatinga aliye sebuleni, naona mng'ao uleule. Rangi ya kopo moja imefanya kazi mbili.

Nitajuaje picha ya Tingatinga ni halisi?

Niliwahi kudanganywa, na bado inaniuma. Kwenye duka moja Arusha niliuziwa picha iliyoandikwa chini jina lake na mwaka 1970. Nililipa fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya paa. Nilipoifikisha nyumbani na kufungua karatasi, rangi ilikuwa inanuka bado. Nilikaa chini na kulia.

Fikiria hesabu: mtu aliyechora miaka minne aliacha kazi za kuhesabika, na zinazojulikana ziko kwa wakusanyaji na makumbusho. Haiwezekani moja yake ikawa inauzwa kando ya barabara kwa bei ya mkungu wa ndizi au hata ya ng'ombe. Picha unayoiona sokoni ni ya mchoraji aliye hai, na hilo si kosa lake hata kidogo. Kosa ni kuandika jina la marehemu.

Kwa hiyo muulize muuzaji jina la aliyechora. Akilijua, na akaweza kukuambia anakoishi, uko mahali pazuri. Tazama mistari: mchoraji mzoefu anavuta mstari wa mgongo wa chui kwa pumzi moja, anayenakili anasimama katikati na kuacha fundo la rangi. Angalia madoa ya chui yanavyopungua ukubwa kuelekea miguuni. Mwenye haraka anayapiga yote sawa. Yule chui wangu wa sasa amechorwa na kijana aliyeandika jina lake mwenyewe, nami nilimlipa alichotaja bila kupunguza.

Na vinyago vya mpingo?

Kiinue kwanza. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kiini chake huzama majini, kwa hiyo kinyago cha ukubwa wa chupa kikiwa chepesi mkononi, ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Sugua chini yake kwa kitambaa chenye maji. Kiwi ya viatu itatoka. Tafuta pia mstari wa rangi ya maziwa au njano, kwa maana mpingo una ganda jeupe chini ya gome na wachongaji wa Kimakonde wengi huliacha sehemu lionekane.

Mimi napenda ile nguzo ya watu, wengine huiita ujamaa, watu wamepandana na kubebana kutoka chini mpaka juu. Uso wa kila mmoja uangalie peke yake. Ukikuta nyuso mbili zinafanana kabisa, mchongaji alichoka. Kwenye nguzo yangu kuna bibi mmoja karibu na kitako ambaye ameinamisha shingo kidogo kuliko wengine, na naamini ndiye aliyebeba wote.

Usikiweke juani wala karibu na jiko. Mpingo ukikauka haraka unapasuka kwa sauti, usiku, na utadhani mwizi. Ukitaka kumpelekea ndugu ughaibuni, ulizia vibali kwanza, kwa kuwa tangu 2017 mti huu uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pembe za ndovu usiulize hata bei.

Sinema unapenda zipi?

Zile ambazo nikimaliza nakumbuka kitambaa, ukuta, namna mtu alivyoshika kikombe.

Baba alikuwa mtu wa Plaza, sinema ya hapa Moshi, na binamu zake wa Arusha walikuwa na Metropole. Picha za Kihindi zilijaza viti, na watu walirudi nyumbani wakiimba nyimbo wasizojua maana yake. Mimi ni wa kizazi cha kibanda cha video. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, basi tulibanana kwenye mabenchi mbele ya kioo kidogo, na mtafsiri akitueleza kila kinachosemwa. Marehemu Lufufu wa Dar es Salaam aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Kanda zake zilifika mpaka huku. Wapo wanaoona kutafsiri juu ya filamu ni kuiharibu. Mimi nilisikia mtu akiichukua hadithi ya mbali na kuishona upya itutoshe, kama fundi wangu anavyofanya na lile koti la sufu.

Kwa anayetaka kuiona Arusha ya zamani, tafuta *Hatari!* ya Howard Hawks, 1962, iliyoigizwa na John Wayne. Ilipigwa maeneo ya kwetu, Momella ikiwemo, na mwigizaji wa Kijerumani Hardy Krüger alipapenda akanunua shamba hapo. Itazame kwa ajili ya mlima, barabara na magari. Inasikitisha kwamba watu wetu wamo ndani karibu wote bila kusema neno. Baada yake tazama *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Unguja ya miaka ya 1950, watu wanazungumza lugha yetu, na kila vazi lina sababu ya kuwa pale. Mara ya kwanza nilifuata hadithi. Mara ya pili nilifuata mavazi tu.

Utakuja kuuza? Au unaazimisha?

Siuzi. Kanga naazimisha kwa harusi na kwa msiba, kwa mtu ninayemjua mama yake. Kisutu kimekwenda kwenye harusi nne, mara zote kimerudi kimefuliwa na kukunjwa, na kikaratasi chake sasa kina majina ya mabibi harusi wanne chini ya jina la mama. Nguzo ya mpingo haitoki. Baiskeli ya kila siku anayeihitaji jirani aje aichukue, mradi airudishe kabla ya saa moja asubuhi, maana mlima wa kwenda mjini unanisubiri.

Ile ya baba naiendesha mwenyewe.